Saini ya Pili

Siku ya mtihani wa mwisho wa mdomo, mwalimu aliniuliza muuguzi anayehitimu anatarajiwa kuwa na umahiri gani. Nikamjibu kwa pumzi moja, kama mtoto anayesoma katekisimu mbele ya padri. Kutoa huduma salama. Kushirikiana na wenzake. Kumtetea mgonjwa. Kujua mipaka yake na kuomba msaada mapema. Mwalimu aliitikia kwa kichwa akiwa ameridhika, akaniambia nikitoka nimwite anayefuata. Hakuniuliza itakuwaje siku kumtetea mgonjwa kutakapokuwa na maana ya kusimama kati yake na damu anayoihitaji, ndugu zake wakinitazama. Wala mimi sikuuliza. Nilikuwa na njaa, nilitaka kwenda kula.

Nikapangiwa kazi kwenye kituo cha afya huku chini ziwani. Mimi ni Mmatengo, mtu wa Matiri milimani. Nimezaliwa kwenye kahawa na mahindi, na mpaka nahitimu nilikuwa nimeliona Ziwa Nyasa kwa mbali tu, kutoka juu milimani. Sijui kuogelea, harufu ya usipa, vile vidagaa vya ziwani, ukiwa umeanikwa juani hunipa kichefuchefu, na hasira zangu ziko karibu. Mama yangu alishaniambia kwamba mdomo wangu utanitafutia adui kabla ya mshahara wa kwanza kufika.

Adui wa kwanza alikosekana. Muuguzi mfawidhi wa wodi ya wazazi alikuwa mama wa makamo, Mnyasa wa pale pale kijijini, mnene wa mikono na mwepesi wa miguu. Siku niliporipoti alinitazama kuanzia viatu hadi kofia, akasema, "Karibu, mla panya." Nami bila kufikiri nikamjibu kwamba panya tunaowala sisi Umatengo angalau hawaachi harufu nguoni kama samaki wao. Wodi nzima iliangua kicheko, na yeye alicheka kuliko wote. Tangu siku hiyo tukawa watani. Nilimwita Mama, yeye akaniita mwanangu, isipokuwa pale niliposahau kitu, hapo nilirudi kuwa mla panya.

Nasema mapema kwamba nilimpenda, maana ninayotaka kuyasimulia yanaweza kumfanya mtu amdhanie vibaya. Mikono yake ilikuwa imepokea nusu ya watoto wa mwambao ule. Aliweza kusimama mlangoni, akasikia mwanamke anavyohema, akajua amefikia wapi. Mimi nilikuwa na cheti na viatu vipya.

Kulikuwa na jambo moja tu la pale lililonikaa kooni. Damu, kabla haijaingia mwilini mwa mgonjwa, hukaguliwa na wauguzi wawili. Kila mmoja anasoma kwa macho yake: jina, kundi la damu, namba ya mfuko, tarehe ya mwisho wa matumizi. Kisha wote wawili wanasaini. Ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo ilivyobandikwa ukutani. Lakini pale kituoni mkubwa alisoma, mdogo akasaini. Mama alisoma kwa sauti, akanyoosha kalamu nyuma bila kugeuka, akasema, "Saini hapo," na aliyekuwa karibu alisaini. Sikuona uzembe katika jambo hilo. Niliona heshima, ile ile niliyolelewa nayo. Kuchukua kitu alichokisoma mkubwa na kukisoma upya mbele yake ni kumwambia hana macho. Nani angethubutu? Nilijua siku yangu ya kunyooshewa kalamu itafika, na niliiogopa.

Ilifika siku waliyolazwa wajukuu wawili wa bibi mmoja.

Walikuwa mabinti wa ndugu wawili, kaka na mdogo wake. Kila mmoja alipopata binti wa kwanza alimpa jina la mama yao, kama ilivyo desturi, na hakuna aliyekubali kwamba mwenzake ndiye mwenye haki zaidi ya jina hilo. Kwa hiyo wasichana wale walikuwa na jina moja la ubatizo na jina moja la ukoo, na bibi mwenye jina lake alikuwa hai na ndiye aliyewaleta kujifungua. Wote wawili aliwaita "wajina". Alikaa kwenye benchi kati ya vitanda vyao, kanga mbili mabegani, anageukia huku, anageukia kule. Nilimpenda na yeye. Aliniuliza wazazi wangu wamevuna kahawa kiasi gani mwaka huu, akaniambia msichana mwembamba kama mimi anahitaji kula samaki.

Sisi wodini tuliwatofautisha kwa urahisi: mkubwa na mdogo. Mkubwa alikuwa na watoto nyumbani tayari, na alijua kinachomngoja. Mdogo alikuwa na mimba ya kwanza. Mtoto wake alikuwa amelala kimshazari tumboni, na yeye mwenyewe alikuwa mweupe wa kucha na midomo kwa upungufu wa damu. Ilibidi afanyiwe upasuaji. Daktari alimtoa damu kidogo asubuhi kwa ajili ya vipimo, akatuma maabara aandaliwe mfuko wa damu, akasema hatampasua kabla damu haijawa tayari. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri kwa sababu ya mvua iliyonyesha milimani, na jenereta ilikuwa inasubiri mafuta. Gari la wagonjwa lilikuwa limempeleka mtu hospitali ya Mbinga. Mambo yote yakawa ya kungoja.

Mkubwa hakungoja. Baada ya saa sita mchana alijifungua mtoto wa kike, upesi na bila makelele, bibi akapiga kigelegele kimoja kifupi cha kikongwe. Nilimfuta mtoto, nikamweka kifuani kwa mama yake. Nikageuka kuchukua beseni, niliporudi nikaona kanga aliyolalia imebadilika rangi.

Mwanzoni damu ya uzazi haitishi mtu. Halafu inafika mahali unaacha kuifuta kwa sababu haifutiki. Mama alikuwa ameshaweka mkono tumboni kwa mkubwa, anaukanda mfuko wa uzazi kwa nguvu ili ukaze. "Sindano," alisema, nikachoma sindano. "Dripu," nikaweka dripu mkono wa kushoto, halafu nyingine mkono wa kulia. Mfuko ulikaza, ukalegea tena. Daktari alikuja mbio, akamtoa damu ya vipimo, akamkabidhi mhudumu chupa ile ndogo aipeleke maabara, akaagiza mfuko wa damu haraka kuliko haraka. Kisha akarudi chumba cha upasuaji kumwandaa mdogo, maana jenereta ilikuwa imewaka na hakuna aliyejua ingewaka mpaka lini.

Mtaalamu wa maabara alifika mapema kuliko nilivyotarajia. Alikuwa kijana mwenzangu, mchapakazi. Alimkabidhi Mama mfuko wa damu mlangoni, akasema mwingine uko kwenye kiboksi cha barafu, akaondoka. Mama alisogea dirishani penye mwanga, akasoma kwa sauti, jina la kwanza, jina la ukoo, kundi A, namba, tarehe. Akautundika mfuko kwenye nguzo. Akasaini. Akanyoosha kalamu nyuma bila kugeuka.

"Saini hapo, mwanangu."

Nilishika kalamu. Nilitaka kusaini, na mkono wangu ulishuka kabisa mpaka kwenye karatasi. Ndipo nikaona jina. Asubuhi iliombwa damu ya mdogo. Sasa hivi imeombwa damu ya mkubwa. Mfuko huu umekuja na jina ambalo ni la wote wawili. Huu ni ule ulioombwa asubuhi au ni huu wa sasa?

"Mama," nikasema, "hii ni ya mkubwa au ya mdogo?"

"Soma jina."

"Jina ni la wote."

Mama aligeuka. Nadhani alikuwa ameliona tatizo pale pale, kwa sababu macho yake yalikwenda kwenye mfuko, yakaenda kitandani, yakarudi kwangu. Lakini chini ya kitanda damu ilikuwa inadondoka sakafuni na tuliisikia.

"Imeletwa kwa anayetoka damu," alisema. "Ngoja ngoja huumiza matumbo, mwanangu. Saini tumwekee."

Niliinama kwa mkubwa. Midomo ilikuwa imekauka. "Jina lako nani, dada?" Akanitajia. Lilikuwa lile lile la kwenye mfuko. "Baba yako anaitwa nani?" Akanitajia na hilo, lakini mfuko haukuwa na jina la baba wa mtu yeyote.

Bibi alikuwa amesimama. "Sista, ndiye huyo huyo," alisema. "Huyo ni wajina wangu. Mpe."

Kuna watu wanaosema kwamba katika hali kama ile akili hutulia na mtu huona kila kitu wazi. Mimi niliona vifo viwili tu. Nilijua kwamba damu isiyo yake ikimwingia, mwili wake utaipiga vita na anaweza kufa mikononi mwetu. Nilijua pia kwamba akikosa damu anaweza kufa vile vile, na kulijua hilo la pili wala sikuhitaji kitabu. Nilinyoosha mkono nikautoa mfuko kwenye nguzo. Nikasema, na sauti ilitoka nyembamba ya kuchekesha, "Siwezi kusaini, Mama. Apimwe tena, hapa hapa kitandani."

Mama hakunipiga. Nilidhani atanipiga. Alimwambia mhudumu akimbie kumwita mtu wa maabara aje na vifaa vyake, akanitazama akasema, "Basi weka huo mfuko, uje ukandamize." Niliuweka mfuko kwenye sinia. Nilivaa glavu ndefu nikaingiza mkono, ngumi ndani, mkono wa pili juu ya tumbo, nikaubana mfuko wa uzazi katikati ya mikono yangu kwa nguvu zangu zote za kulima milimani. Mkubwa alilia kidogo, halafu akaacha kulia, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Bibi aliongea Kinyasa. Sikuelewa neno hata moja. Alinyoosha kidole kwenye sinia penye mfuko, akaninyooshea mimi, akaongea tena, sauti ikipanda. Mama alimjibu kwa lugha ile ile, kwa ufupi, bila kuinua macho. Hakuna aliyenitafsiria wala sikuomba.

Mtaalamu wa maabara alikuja na kigae chake cheupe na vichupa vya dawa. Alimtoboa mkubwa kidole, akadondosha matone, akatikisa kigae polepole. Tuliinama wote tukikitazama. Tone moja likakatika chembechembe kama maziwa yaliyochacha, jingine likabaki laini. Kundi A. Akautazama mfuko, akaulinganisha na karatasi yake ya maabara.

"Ni yake," alisema. "Kama nilivyoandika."

Damu ikawekwa. Nilisaini kwa mkono uliokuwa na jasho la glavu. Mfuko wa uzazi ulikaza na safari hii ukabaki umekaza. Baadaye kidogo mkubwa alifumbua macho akaulizia mtoto wake. Kijana wa maabara alikusanya vichupa vyake, akasema kwa chini, "Asiyesikia la mkuu," hakuimalizia, methali ile kila mtu anaimalizia mwenyewe.

Bibi alinisogelea mpaka nikasikia harufu ya moshi kwenye kanga zake. Alitumia Kiswahili, taratibu, ili nisikose hata neno.

"Ulikuwa umeishika mkononi," alisema. "Mwanangu anakauka, na wewe umeishika mkononi."

Nilikwenda kwenye sinki la nyuma nikaosha mikono mpaka kwenye viwiko, na nililia. Sitadanganya kwamba nililia kwa huruma. Nililia kwa hasira na aibu. Nilikasirika kwamba damu ilikuwa ya kwake. Unajua ubaya wa kujikuta ukitamani kwamba ingekuwa siyo? Nilijiona mtu mbaya, na nilikuwa na haki ya kujiona hivyo. Mgonjwa alikaribia kufa kwa sababu msichana kutoka Matiri hakumwamini mkubwa wake kusoma maneno mawili. Hivyo ndivyo wodi nzima ilivyoona, na pale kwenye sinki hata mimi niliona vivyo hivyo.

"Mwanangu!" Mama aliniita. "Huku!"

Daktari alikuwa tayari. Mdogo alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha magurudumu nje ya chumba cha upasuaji, miguu imefunikwa blanketi. Mapigo ya moyo wa mtoto wake yalikuwa yameanza kushuka. Jenereta ilikuwa inakohoa. Mama alikuwa ameshautoa mfuko wa pili kwenye kiboksi cha barafu, ameshausoma, ameshasaini. Alininyooshea kalamu, na safari hii alikuwa amegeuka ananitazama usoni.

"Ule ulikuwa wa mkubwa, imethibitika kwa macho yako," alisema. "Huu uliobaki utakuwa wa nani tena?"

Hesabu yake haikuwa na kosa. Wagonjwa wawili, mifuko miwili, mmoja umepata mwenyewe. Hata mtoto wa shule angejibu. Nilipokea kalamu. Mwili wangu wote ulitaka kusaini. Nilitaka kusaini ili Mama arudi kunitania. Nilitaka kusaini ili bibi, aliyekuwa amesimama mwisho wa korido na kichanga cha mkubwa kifuani, anione nikisaini. Nilikuwa nimeshamchelewesha mjukuu wake mmoja bila sababu mbele ya macho yake, na sasa huyu wa pili alikuwa ameshika pindo la gauni langu, anasali kimya, midomo tu inacheza.

Lakini sikuwa nimeona damu yake ikipimwa. Niliona ya mkubwa. Ya huyu sikuiona.

"Mama," nikasema. "Naomba na yeye apimwe."

Daktari alitoa kichwa mlangoni, kofia ya upasuaji kichwani. "Kuna nini tena?" Lile neno "tena" lilinichoma kuliko maneno ya bibi.

"Sista anataka apimwe," Mama alisema. Hakuongeza "mimi sitaki", hilo namshukuru mpaka leo.

Mtaalamu wa maabara alikuwa hajafika mbali, kigae bado mkononi. Alikasirika waziwazi. "Sista, hii kazi nimeifanya leo. Nimeshapima."

"Ulipima nani?"

"Nilimpima huyo." Alitaja jina. "Zilikuja chupa mbili za damu. Moja ya asubuhi, umeme haukuwepo nikaiweka. Halafu ikaja nyingine, ya haraka, jina lile lile. Nikajua daktari ameongeza, anataka mifuko miwili, basi nikachukua hiyo mpya nikapima, nikaandaa miwili kwa…"

Alitazama kitanda cha magurudumu, akamwona mwanamke ambaye hakuwa yule aliyemtoboa kidole dakika chache zilizopita.

"Hawa ni wawili?" aliuliza.

"Ni wawili," Mama akasema.

Alimpima mdogo pale pale kwenye korido, akiwa amepiga magoti. Alidondosha matone, akatikisa kigae. Tulisubiri yakatike. Hayakukatika. Akatikisa zaidi, kana kwamba tatizo ni kutikisa. Yalibaki laini yote. Mdogo alikuwa kundi O. Mfuko niliokuwa nimenyooshewa kalamu yake ulikuwa kundi A. Mifuko yote miwili ilikuwa ya mkubwa, na ya mdogo haikuwahi kuandaliwa kabisa.

Mama alikaa kwenye benchi la korido. Sikuwahi kumwona amekaa akiwa zamu. "Nilisoma vizuri," alisema, kwa sauti ya mtu anayejiambia mwenyewe. "Kila herufi nilisoma." Halafu akasimama, akautoa mfuko ule kwenye mkono wangu, akaurudisha kwenye barafu yeye mwenyewe.

Hapakuwa na nafasi ya mtu kusema zaidi. Mume wa mdogo aliitwa kutoka getini, akapimwa, akawa kundi O, akapimwa na magonjwa pia, akatolewa damu huku daktari ameshaanza kupasua kwa kutegemea dripu. Mama alisimama kichwani kwa mgonjwa. Damu ya mume ilipoletwa alisoma, akanipa mfuko mkononi, akaniacha nisome mpaka mwisho. Nilimwuliza mtu wa maabara jina la baba wa mgonjwa, akanijibu bila kununa. Mtoto wa kiume alitoka amechoka, akalia baada ya kusuguliwa sana mgongo. Mama yake alishonwa salama.

Jioni ile Mama na daktari walimweleza mganga mfawidhi wa kituo yote yaliyotokea, na tangu siku iliyofuata kila chupa ya damu iliyopelekwa maabara ilibeba na jina la baba na kijiji. Hilo lilikuwa la kwetu sisi wafanyakazi. Familia iliambiwa tu kwamba damu ilichelewa kupatikana.

Siku ya kuwaruhusu, Mama aliniambia anataka kumweleza bibi. "Haiwezekani aondoke anakuona hivyo," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa na kalamu. Nitamwambia." Nilimwomba asimwambie. Bibi yule alikuwa na wajukuu wengine wanaokuja kuzaa, na kutoka kijijini kwao kuja kituoni ni mwendo wa mtumbwi au wa mguu kupanda na kushuka. Akisikia kwamba tulikaribia kumpa mjukuu wake damu ya mtu mwingine, mjukuu wa tatu angezalia nyumbani, na wa nne. Ndivyo nilivyomweleza Mama. Sijui kama nilifanya vyema. Kuna siku naona nilikuwa na busara, na kuna siku naona nilimnyima haki ya kujua kilichokaribia kutokea kwenye damu yake mwenyewe. "Mla panya," Mama alisema, lakini hakuwa anatania.

Wakafungasha. Bibi alikuwa ameleta mbasa, samaki wakubwa wa ziwani, waliofungwa kwa kamba ya mgomba, akampa Mama kwa mikono miwili, amepiga goti kidogo ingawa yeye ndiye mkubwa kwa umri. Alimshukuru daktari. Alimtafuta mtaalamu wa maabara mpaka mlangoni kwake, akamwambia Mungu ambariki, akamshika kichwa. Kijana wa watu aliinamisha uso asijue aangalie wapi. Mtoto wa mkubwa, wa kike, alikuwa ameshapewa jina, na jina lilikuwa lile lile. Bibi alilitangaza wodi nzima isikie, meno machache yote nje kwa furaha.

Nilikuwa nimesimama mlangoni nikiwa nimeshika dawa zao za kwenda nazo. Nilipiga goti. Kwetu milimani na kwao ziwani, katika hilo hatutofautiani.

"Shikamoo, bibi."

Wagonjwa waliokuwa kwenye mabenchi waligeuka, kwa sababu mtu mzima kutoitikia shikamoo ni jambo ambalo kila mtu hulisikia. Bibi alipokea dawa. Alizifunga kwenye pindo la kanga, akaniangalia usoni, macho makavu kabisa, kisha akawageukia wajina wake.

"Twendeni," aliwaambia.

Nilibaki nimepiga goti. Walipita mbele yangu mmoja mmoja, mkubwa na mtoto wake, mdogo ameshikilia mshono wake kwa kiganja huku mumewe akimbebea mtoto, na bibi nyuma yao akiwahimiza, wote wazima, wakaelekea ziwani.